Sahani Inatembea

Siku ya Jumatatu, saa sita na nusu mchana, Mathe alimnawisha mikono mkubwa wa ofisi ya usafi akiwa mtu wa tisa kwenye benchi, na taabu yao ilianzia hapo.

Mathe hakumjua. Alikuwa na siku nne tu hapa Beu, mtaa wa mji wa Beni. Kabla ya hapo alikaa miaka yote upande wa Mabalako, kwenye kakao yake, hadi njia ya kwenda shambani ilipokuwa njia ya kufa kwa bunduki za waasi, akafunga nguo zake na kuja mjini kwa mke wake, Kaswera, ambaye alikuwa akipikia watu chakula katika chumba cha mbele cha nyumba namba kumi na nne. Mume hakujua kupika wala kuhesabu sahani. Akapewa birika na beseni. Kazi yake ikawa kuwanawisha wateja kabla ya chakula kufika.

Aliifanya kazi hiyo kama alivyozoea kufanya kila kitu, kwa utaratibu. Aliyekuja kwanza alinawa kwanza, na aliyenawa kwanza alikula kwanza. Jumatatu hiyo kwenye benchi walikaa wapagazi wanane wa depo ya kakao, vumbi hadi kwenye nyusi. Mwishoni mwa benchi alikaa bwana mwenye shati jeupe pamoja na vijana wawili wa stage, waliokuwa wakijifunza kazi kwake, mvulana na msichana, wenye kadi shingoni. Birika lilipokaribia, bwana yule alinyoosha mikono yake juu ya vichwa vya wengine.

"Ngojea kidogo, papa," Mathe alimwambia. "Bale batu munane balikuya mbele yako."

Wapagazi walicheka. Mmoja akapiga kelele: "Papa wa shemizi nyeupe, leo uko wa tisa! Karibu mu syndicat, chama yetu!"

Wale vijana wawili waliinamisha vichwa, lakini mabega yao yalitikisika. Bwana aliyaona mabega hayo. Alinawa wa tisa, akala bugali na samaki hadi mwisho, akatoka.

Kaswera aliporudi kutoka kununua mafuta ya mawese, binti yake Victoire, aliyekuja pamoja na baba, alimweleza habari yote huku akicheka. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alicheka upesi. Mama hakucheka.

"Shati jeupe? Na alama ya kisu hapa, kwa shavu?"

"Ee, mama."

"Ni Chef Luc, mukubwa wa ofisi ya usafi." Kaswera aliweka kidumu cha mafuta chini, polepole. Miaka miwili mtu huyo alikula kila Jumatatu kwenye meza ya ndani, peke yake, wa kwanza, kichwa cha samaki kikiwa chake, na hakuna aliyewahi kumwambia bei. "Baba Victoire, ulimunawisha wa ngapi?"

"Wa tisa," Mathe alisema. "Alikuya wa tisa."

*

Kesho yake, saa tano, Chef Luc alirudi akiwa na vijana wake, karatasi yenye muhuri na kopo la rangi nyekundu. Sufuria zilikuwa zimekwisha kuiva. Alizunguka chumba, akatazama dari, akapima kwa hatua zake umbali kati ya jiko na choo. Alipima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hatua zilikuwa nyingi. Mara ya pili alizifanya ndefu zaidi.

"Kuta hazina carreaux, hata kigae kimoja. Choo ni moja. Établissement inafungwa siku makumi tatu."

"Chef, miaka mbili unakulaka hapa," Kaswera alisema. "Choo ilikuwa ngapi?"

"Mama, usinifundishe kazi."

"Basi hii chakula, nitupe? Ni ya batu makumi sita."

"Shauri yako. Mais hapa, hakuna mutu atakula."

Msichana wa stage alishika kopo, naye Chef Luc akaandika mwenyewe juu ya mlango: FERMÉ, imefungwa. Herufi zilikuwa kubwa kuliko mlango ulivyoweza kubeba, kwa hiyo ile ya mwisho ilipanda ukutani. Watu wa avenue walisimama kutazama. Mwanamke mmoja aliyekuwa na sahani mkononi aliulizwa na mwingine kama kuna ugonjwa. Akaishusha sahani yake chini, akaisukuma mbali kwa mguu. Kaswera aliona mguu huo, na kuuona kulimuuma kuliko rangi.

Walipoondoka, Mathe aliichukua karatasi. Hakusoma Kifaransa haraka, lakini alisoma yote. Aliweka kidole chini ya kila neno, akarudia, akauliza Victoire maana ya "sis", akaelewa kwamba ni mahali nyumba ilipo.

"Hii karatasi inafunga namba kumi na ine," alisema.

"Njo kusema sisi," Kaswera alimjibu. Alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono kati ya magoti.

"Hapana. Inafunga nyumba. Sufuria hawakuiandika. Na yeye alisema hapa. Kule hakusema kitu." Akaonyesha upande wa pili wa barabara kwa kidevu.

*

Upande wa pili kulikuwa na baa ya Solange, mjane mwenye sauti ya kanisa na mdomo wa sokoni. Alimsikiliza Kaswera akiwa anapanga chupa.

"Ulete yote hapa. Mais samaki hapana. Harufu ya samaki inafukuza batu ba bia, wanakumbuka bibi zao kwa nyumba."

"Na bugali?"

"Bugali ndiyo. Mutu mwenye kula bugali atakunywa."

Ukutani mwa baa, nje, Issaka alichoma nyama ya mbuzi. Yeye ni Mwislamu, na kwa miaka minane alikuwa akipeleka nyama yake kwa wanywaji kupitia dirishani bila kuingiza hata mguu mmoja ndani. Alifunua sufuria ya maharagi, akanusa.

"Ndani muko nyama ya nani?"

"Hakuna nyama. Mawese na kitunguu."

"Basi nitaiweka kwa meza yangu. Mais sahani inapita kwangu kwanza, halafu kwa Solange. Ikitoka kwa bia hairudi kwangu. Tunaelewana, Mama Victoire?"

"Tunaelewana, papa Issaka."

Orpa, fundi wa kushona, alikubali wali peke yake. "Sombe iko na mafuta, itanipakia kanzu ya bibi harusi. Muchele haupakaki kitu." Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikaenda kwa Ézéchias, mwenye duka la simenti na misumari, mzee aliyeongea kidogo sana hata bei zake alizionyesha kwa vidole. Alisogeza mifuko miwili, akaweka sufuria katikati, akaifunika kwa bati jipya. Samaki walipata mahali kwa mwanamke wa mkaa, ambaye alisema harufu yake yeye imekwisha kufa zamani.

Kwa hiyo hakuna aliyepanga. Kila mmoja alikataa alichoweza kukataa na akapokea kilichobaki, na saa saba kamili chakula cha Kaswera kilikuwa kimetawanyika kwenye milango mitano ya avenue. Ili mtu ashibe alipaswa kutembea.

Victoire alikaa kwenye kona na rundo la sahani safi za bati. Sahani ilikuwa ndiyo tiketi: mtu alilipa elfu tatu, akapokea sahani tupu, akaondoka nayo mlango hadi mlango. Kwenye kila mlango alipata kijiko kikubwa kimoja. Mathe alisimama mbele ya kila mtu na birika lake, palepale kona, na waliokuja kwanza walinawa kwanza.

Wapagazi walikuja kwa mashaka. Mkubwa wao, jitu lenye shingo ya fahali aliyeitwa Kambere, aliishika sahani kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani.

"Mama Victoire, natembea na hii kama mutu wa kuomba?"

"Mutu wa kuomba halipi, Kambere. Wewe umelipa. Tembea."

Akatembea. Alipofika kwa Orpa alikuta fulana za mpira zimetundikwa, akauliza bei akiwa na mdomo umejaa wali. Kwa Ézéchias alikumbuka kwamba bati la nyumba yake linavuja, akanunua misumari nusu kilo, akaitia mfukoni na kupokea sombe. Alipofika kwa Solange sahani ilikuwa mlima. Akaketi, akaagiza bia, akatangaza kwa sauti:

"Nimefanya tour ya Beu muzima, na bado sijakula!"

*

Jumatano watu walikuwa themanini. Alhamisi walikuja hata wengine kutoka commune ya Ruwenzori, wakiulizana njiani, "Ni wapi banafanya tour?" Walikuja wachuuzi, watu wa taxi-moto, mwalimu mmoja na daftari zake kwapani. Watu walipishana na sahani zao barabarani, wakachunguliana.

"Samaki yako ni mukubwa kuliko yangu!"

"Nilimusalimia mama wa mkaa vizuri. Wewe ulipita kama gendarme."

Pikipiki zilipunguza mwendo. Dereva mmoja alimpigia honi mama aliyesimama katikati ya njia akionja pilipili, naye akamwambia, bila kugeuka, kwamba angoje ameze.

Lakini si yote yalikuwa kicheko. Sahani kumi na mbili hazikurudi. Mwanamke wa mkaa aliungua mkono. Mtu mmoja aliyejulikana kwa biashara yake kubwa alikuja na gari, akatazama foleni, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba hivi ndivyo wakimbizi wanavyolishwa. Halafu akaondoka. Kaswera alikuwa anapika uani kwake, anapakia sufuria begani, anavuka barabara mara kumi, na jioni hakuweza kuinua mkono kuchana nywele zake. Kila alipotoka mlangoni alipita chini ya neno lile jekundu. Wengine bado waliinama kando ya mlango huo kana kwamba unapumua ugonjwa.

*

Alhamisi hiyohiyo asubuhi Mathe alimwachia Victoire birika, akaenda ofisini kwa Chef Luc. Hakumwambia mke wake. Alivaa koti lake la misa, akaketi kwenye benchi ya korido saa mbili, akangoja. Watu waliokuja nyuma yake waliingia mbele yake. Alihesabu kumi na wanane. Saa nane mchana aliitwa.

Ofisi ya Chef Luc ilikuwa ndogo, na nusu yake ilijaa madumu ya dawa ya kunyunyiza, matupu. Juu ya meza kulikuwa na mkate uliokatwa nusu na chai iliyopoa. Mathe, ambaye hakuwa mtu wa kuhukumu upesi, aliutazama mkate ule akawaza kwamba siku tatu hizi huyu bwana naye hajala vizuri.

"Mzee," Chef Luc alisema, "unajua miye ni nani sasa?"

"Najua, chef."

"Bale batoto ba stage banacheka mupaka leo. Kwa korido bananiita Wa Tisa. Mukubwa wangu naye alisikia. Aliniuliza, ni wewe njo Wa Tisa?" Alisema hivyo bila kelele, na kwa nukta moja uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyechoka. Kisha akaupanga upya. "Sikiliza. Kesho saa sita nitakuya pale kwako. Batu ba depo bote bakuwe pale. Utanyenyekea, utaninawisha wa kwanza, mbele yabo. Utasema, chef, unisamehe. Nitafuta ile rangi siku ileile."

"Carreaux? Na choo ya pili?"

"Carreaux ni mambo yangu."

Mathe alishukuru, kwa sababu alizoea kushukuru, akatoka.

Alimkuta Kaswera uani, akisugua sufuria ya samaki kwa majivu. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaketi kumsaidia. Alimweleza kila neno, hata lile la mkate.

"Na wewe ulijibu nini?"

"Sikujibu. Nilikuya kukuuliza. Ni maji tu, Mama Victoire. Maji na maneno mbili. Nimekwisha kuacha shamba, miti mia inane, sikulia. Hii naweza."

Kaswera aliendelea kusugua sehemu ileile iliyokuwa imekwisha kung'aa.

"Unaweza," alisema. "Halafu Jumatatu atakula bure, wa kwanza, tena na batu bake. Halafu watajua bote kwamba kwa Kaswera, mutu mwenye kupiga kelele njo ananawa mbele. Bale batu ba depo banabeba mifuko ya kilo makumi sita tangu asubuhi. Miaka mbili nilikuwa nabaacha bangoje, mikono chafu, ju ya huyu. Nilikuwa naona haya, Baba Victoire. Kila Jumatatu. Wewe ulikuya, hukujua kitu, ukafanya mara moja ile kitu mimi niliogopa kufanya."

Mathe alichota majivu mapya, akasugua upande wake wa sufuria. Victoire, aliyekuwa akihesabu sahani mlangoni, aliacha kuhesabu ili asikie.

"Miye," baba alisema mwishowe, "nilikwisha kumunawisha. Kwa zamu yake. Akikuya tena, nitamunawisha tena. Kwa zamu yake."

"Basi kesho utamwambia vile."

"Nitamwambia vile."

*

Ijumaa Chef Luc alikuja akitembea, si kwa pikipiki, ili aonekane vizuri. Kijana wa stage alibeba kopo la rangi. Msichana hakuwapo. Walifika namba kumi na nne, wakakuta mlango umefungwa na neno lake mwenyewe linamtazama. Aligonga. Jogoo wa jirani akamjibu.

Akageuka, akaona foleni kwenye kona, akaona sahani zinapita.

Alianza kwa Ézéchias. "Mzee, hii ni restaurant ya nani?"

"Hapa ni misumari," Ézéchias alisema. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote za juma lile. "Unataka kilo ngapi?"

"Na hii sombe?"

"Ni yangu. Nakula."

"Sufuria muzima?"

Ézéchias alifikiri. "Niko na njaa."

Kwa Orpa aliulizwa, kabla hajafungua mdomo, kama amekuja kupimwa shati jipya, kwa sababu hilo jeupe limembana tumboni. Kwa Issaka alikuta watu kumi wameshika sahani, na Issaka akageuza nyama zake taratibu bila kumtazama. "Chef, choo yangu iko moja, ukuta sina kabisa. Nitoe wapi carreaux, nizibandike kwa moshi?"

"Nitafunga hapa! Nitafunga kote!"

"Anza na mimi," Solange aliita kutoka mlangoni mwa baa. Alikuja hadi katikati ya barabara, mikono kiunoni. "Anza kwangu, chef, mlango wangu ni mukubwa, herufi zote zitaingia. Mais hiyo kopo haitatosha avenue. Ézéchias anauzisha rangi, nenda ununue ingine. Nyekundu iko?"

Ézéchias, kutoka ndani, aliinua vidole viwili.

Avenue ilicheka. Chef Luc hakucheka, lakini hakufungua kopo. Akamwona Kaswera akivuka na sufuria ya wali begani, akamfuata.

"Wewe. Unapikia wapi hii yote?"

"Kwangu, uani."

"Ile nyumba imefungwa!"

"Restaurant njo imefungwa. Bibi yako naye anapikia kwako, chef. Anafungwaka?" Hakusimama. Sufuria ilikuwa ya moto na njia ilikuwa ndefu. "Nipishe, nisikuunguze."

Walikuwa wamefika kwenye kona. Mathe alikuwa pale na birika. Wapagazi, ambao walikuwa wamesikia habari yote tangu alfajiri, waligeuka kutazama. Kambere aliweka sahani yake chini, kama mtu anayetaka mikono yote miwili iwe huru.

"Mzee," Chef Luc alisema, "tulisikilizana nini jana?"

"Wewe ulisema, chef. Miye nilisikiliza." Mathe aliongea kwa sauti yake ileile ya chini, bila kejeli yoyote. "Maji iko. Sabuni iko. Foleni inaanzia kule, kwa ule mama wa kitambaa cha manjano. Nimehesabu, utakuwa wa kumi na saba. Haitakawia. Utakula vizuri."

Chef Luc alitazama foleni, pengine ili kuidharau. Ndipo alipomwona msichana wake wa stage amesimama wa sita, sahani kifuani, kadi ya ofisi imegeuzwa nyuma.

"Kasika? Unafanya nini hapo?"

Msichana aliangalia kulia, akaangalia kushoto, hakupata mahali pa kuingia.

"Njaa, chef," alisema. "Na nimekwisha kulipa."

Chef Luc alisimama kitambo. Waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba kama angengoja dakika moja zaidi angeingia kwenye foleni, kwa sababu harufu ya samaki ilikuwa inatoka upande ule. Wengine walikataa. Yeye alimnyang'anya kijana kopo la rangi, akalibeba mwenyewe.

"Jumatatu," alisema, "nitakuya na bapolisi kumi. Tutaona nani atatembea na sahani."

Akaondoka kwa hatua fupi, za haraka. Watu walimtazama hadi alipokata kona, na waliporudisha macho walimtazama Kaswera. Bapolisi kumi si neno la kuchezea Beni. Orpa alianza kukusanya kanzu zake. Solange alianza kuingiza chupa zake ndani. Victoire alirudisha sahani mbili kwenye rundo.

Kaswera alitua sufuria juu ya meza ya Orpa, akanyoosha mgongo, akafuta jasho kwa upindo wa kitenge.

"Victoire."

"Mama."

"Jumapili tukitoka misa, uloweke maharagi. Ongeza ya batu kumi."

"Ya bapolisi?"

"Bapolisi nabo banakulaka," Kaswera alisema, akachovya kijiko kwenye wali na kunyoosha mkono kwa sahani iliyokuwa inangoja. "Mais balipe mbele."